Deni la Redio

Nilikuwa na umri wa miaka 14 nilipoiba. Nalitanguliza neno hili ili msomaji asije akadhani kuwa mambo nitakayoyasema juu ya vijana wenye makosa nimeyachota vitabuni tu, kama mtu asimuliaye habari za bahari naye hajapata kulowa miguu. Vitabu nimesoma, na baadhi ya habari zake nitazieleza. Walakini sababu ya kuvisoma ilikuwa redio moja iliyovunjika mwezi wa Machi 1978, katika mji mdogo wa mwambao wa Tanga, na mwenzangu mmoja ambaye jina lake silitaji, kwa kuwa yu hai na ana wajukuu.

Tulikuwa wawili. Duka lilikuwa la mzee mmoja aliyeuza vitu vya kila namna: mafuta ya taa, kanga, sukari ilipopatikana; na ndani ya kabati la kioo palikaa redio ambayo sisi tuliitazama kila tulipotumwa chumvi. Usiku wa mvua tuliingia kwa dirisha la nyuma, tukavunja kioo, tukaichukua. Hatukufika nayo mbali. Mwenzangu alijikwaa mferejini, redio ikapiga jiwe ikawa vipande. Asubuhi mwenye duka alizifuata nyayo zetu za matope mpaka majumbani kwetu, maana wezi hodari sisi hatukuwa.

Redio na kioo vilikadiriwa shilingi 400. Mwenye duka, ambaye namshuhudia kuwa hakuwa mtu mbaya, alizigawa nusu kwa nusu: 200 juu yangu na 200 juu ya mwenzangu. Baba yangu alikuwa karani katika shamba la mkonge. Alifungua sanduku, akahesabu noti mbili za mia mia, akazipeleka jioni ile ile, na jina langu likatoka katika shauri kana kwamba halikupata kuingia. Mama wa mwenzangu alikuwa akipika vitumbua. Yeye hakuwa na sanduku la kufungua. Shauri lilifika mbele ya hakimu, naye akaamuru kijana alipe katika muda wa mwezi mmoja. Mwezi ukapita pasi na kitu, kijana akapigwa viboko. Baada ya hapo hakurudi shuleni, na kabla ya mwaka kwisha alidandia lori la nazi, akaenda zake Dar es Salaam.

Miaka mingi niliita jambo hili bahati: bahati yangu njema na bahati yake mbaya. Kilichonizindua ni hesabu ndogo sana. Mwanzo wa Aprili mwaka ule ule, mwenye duka alimwajiri mtoto wa kubeba madebe ya mafuta na kufagia, kwa ujira wa shilingi 3 kwa siku. Mtoto huyo hakuwa mwenzangu, wala hakuwa mimi. Lau mwenzangu angalipewa kazi ile, akaacha shilingi 2 mkononi mwa mwenye duka na kupeleka shilingi 1 kwa mama yake, siku 100 zingalitosha kulimaliza deni. Mzee angalipata fedha yake, mama angalipata unga, na mwana angalibaki mjini. Badala yake, katika shilingi 400 mzee alipata 200 tu. Mwenzangu alitoa ngozi ya mgongo wake, ambayo haikumfaa mwenye duka kwa lolote. Nami, mshiriki wake, sikutoa hata senti wala sikutoka jasho. Katika wezi wawili hakupatikana aliyelipa.

Tulipokuwa chuoni mwalimu wetu alitufundisha kwamba haki za waja si kama haki za Mungu. Mtu akikosa kwa Mungu hutubu. Lakini akimdhulumu mwenziwe, toba haimwondolei deni mpaka airudishe mali au mwenyewe amsamehe. Nalikariri fundisho hilo kabla ya kuiba na baada ya kuiba, wala sikuona kuwa linanihusu, kwa sababu mzee alikuwa amekwisha kulipwa. Mwaka 1984, nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, nilimpelekea baba noti mbili za mia mia. Alizitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, hizi hazinunui tena redio." Kisha akazitia mfukoni. Sikujua kama alinitania ama alinihukumu, na sikumwuliza.

Baadaye, katika kusoma kwangu, nilikutana na habari za mji wa Quincy, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kusini kidogo ya Boston. Ulikuwa mji wa machimbo ya mawe na wa kuunda meli, na katika ardhi yake walizaliwa John Adams na mwanawe John Quincy Adams, rais wa pili na rais wa sita wa nchi ile. Katikati ya miaka ya 1970, hakimu Albert Kramer wa mahakama ya wilaya mjini humo alikutana na taabu ile ile iliyompata hakimu wa kwetu. Aliamuru wakosaji walipe walichoharibu, nao wakaitikia, lakini fedha haikuja, kwa kuwa wengi hawakuwa na kazi. Kumlipisha asiye na kazi ni kuteka maji kwa pakacha. Hakimu mwingine angalisema kuwa vijana hawa ni wakaidi, akaongeza adhabu. Huyu aliwaendea wafanyabiashara wa mji, akawaomba kila mmoja atoe saa kadhaa za kazi: kuosha vyombo, kupanga bidhaa, kusafisha. Walioharibu wangezifanya saa hizo kwa ujira wa halali. Fungu kubwa la ujira lingekwenda kwa aliyepata hasara, na fungu dogo lingebaki kwa mfanyaji. Mpango ule ukaitwa Earn-It, yaani "ichume kwa jasho lako". Asiyefika kazini alirudishwa mbele ya hakimu, na hakimu huyo hakusifika kwa upole.

Naomba msomaji aangalie mahali ilipowekwa kazi katika mpango huu, kwa kuwa ndipo penye siri yake. Kazi haikuwa adhabu. Adhabu ya kazi ni jambo la kale, na magereza yetu yanalijua tangu enzi za Wajerumani. Wala haikuwa zawadi. Ilikuwa daraja baina ya amri na uwezo. Mahakama iliyosema "lipa" ilikubali kubeba sehemu ya mzigo wa neno lake yenyewe, ikatafuta mahali ambapo fedha hiyo ingeweza kuchumwa. Hakimu wa mji wetu alisema "lipa" akanyamaza, na ukimya wake uliwatenga watoto wenye baba makarani na watoto wenye mama wapika vitumbua. Wala kosa si lake peke yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1933 juu ya watoto na vijana iliwapa mahakimu uwezo wa kumwamuru mzazi alipe faini au fidia ya mwanawe. Ni sheria yenye busara katika nyumba yenye sanduku. Katika nyumba isiyo nalo, humwongezea mama deni juu ya aibu, na mtoto akakaa pembeni akitazama.

Wazo hili halikubaki Quincy. Mwaka 1979 serikali ya Marekani ilianza kutoa fedha kwa miradi 85 ya namna hii katika majimbo mengi, ili vijana walipe kwa fedha, au kwa kuutumikia mji, au kwa kumtumikia yule yule waliyemkosea. Mtaalamu Anne Schneider aliipima baadhi yake kwa njia ambayo wanachuo wataipenda. Katika sehemu nne, yaani Washington, Boise katika Idaho, kaunti ya Clayton katika Georgia, na kaunti ya Oklahoma, vijana waligawanywa kwa kura: hawa walipe fidia, na hawa wapate hukumu nyingine za kawaida, kama vile kuangaliwa mwenendo au kuwekwa kizuizini siku chache. Alipochapisha matokeo mwaka 1986, hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo waliolipa walirudia makosa kuliko wenzao. Na katika sehemu mbili walirudi mahakamani kwa uchache ulio dhahiri. Si muujiza. Mwenyewe alionya kwamba faida ni ndogo na kwamba si kila mpango utaipata. Lakini ikiwa aliyeibiwa amerudishiwa chake na kijana hakuharibika zaidi, mimi kwangu hata sare ni ushindi, maana katika shauri letu pande zote zilishindwa.

Kuna jambo jingine ambalo fedha peke yake hailifanyi, nalo nalijua kwa kulikosa. Mwezi wa Mei 1974, katika mji mdogo wa Elmira, jimbo la Ontario, Kanada, vijana wawili waliharibu mali 22 katika usiku mmoja, wakakata matairi na kuvunja madirisha. Ofisa wa probesheni, Mark Yantzi, alipeleka shauri lisilo la kawaida, na hakimu akalikubali: vijana wapige hodi mlango kwa mlango katika nyumba za wale waliowadhuru, wasikie hasara kwa kinywa cha mwenye hasara, kisha walipe. Wakaenda. Mimi mlango wa duka lile sikuupita tena mpaka nilipokuwa mtu mzima. Nilitumwa chumvi nikazunguka njia ya msikitini kwenda duka la mbali. Mwenye duka hakunikataza kuingia. Nilikuwa nimelipiwa, na mtu aliyelipiwa hana la kumwambia mdai wake. Naamini kuwa kama ningalifagia duka lile siku 100, siku ya mia na moja ningaliingia nikasema "shikamoo" kama mteja yeyote.

Nisije nikaonekana mtetezi asiyeona ila. Nilipoyaeleza haya katika baraza ya jirani zetu, mama mmoja mwenye wana watatu wasio na kazi aliniuliza, "Sasa wanangu waibe nini, mwalimu, ili nao wafikiriwe?" Watu walicheka, lakini yeye hakucheka, wala mimi sikucheka. Nilimjibu kuwa kazi hiyo ni ya muda mfupi, ya ujira mdogo, tena sehemu kubwa ya ujira haimkai mfanyaji. Hapana kijana mwenye akili atakayevunja dirisha ili apate kuosha sahani za kulilipia. Jibu langu ni sahihi kwa hesabu. Kwa haki si timilifu, na mama yule alilijua hilo kabla sijafunga kinywa. Mji usio na kazi kwa walio wema huona taabu kuwapa wabaya, na mpango wa fidia hauwezi kuziba pengo ambalo uchumi wa mji umeliacha wazi.

Iko ila ya pili, nayo ni kubwa zaidi: kipimo cha deni. Shilingi 200 zilikuwa na mwisho ambao mtoto angaliweza kuuona. Kijana aliyechoma gari hawezi kulilipa kwa vibarua vya jioni, hata akivifanya mpaka aote mvi. Mwaka 2017 Alex Piquero na Wesley Jennings walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya vijana zaidi ya 1,000 wa kaunti ya Allegheny, Pennsylvania, ambayo ndani yake mna mji wa Pittsburgh. Waliona kwamba faini, gharama za mahakama na fidia ziliongeza uwezekano wa kijana kurudia kosa, hasa kwa yule ambaye shauri lake lilifungwa naye angali anadaiwa. Mtu akiisoma habari hiyo kwa haraka atasema kuwa imeipinga ile ya mwaka 1986. Mimi siioni hivyo. Kulipa ni jambo moja na kudaiwa ni jingine. Na deni ambalo mtoto hana njia ya kulimaliza humfukuza mjini, kama lilivyomfukuza mwenzangu, ama humfundisha kuwa njia ya kupata fedha ni ile ile iliyomfikisha mahakamani.

Hata kazi yenyewe, ikikosa kipimo, hugeuka mnyororo. Katika jimbo la Mississippi zilikuwako nyumba za kulipia fidia, ambamo watu wazima walifungiwa usiku na kutolewa mchana kwenda kazini, kama vile kukaanga vyakula vya mahoteli, mpaka madeni yao ya mahakama yaishe. Mwaka 2020 waandishi wa habari walieleza jinsi wengine walivyokaa humo miezi mingi kwa madeni yasiyokuwa makubwa, kwa sababu ujira ulikuwa haba na gharama za chumba na chakula zilikatwa humo humo. Hao hawakuwa watoto. Nawataja kwa sababu umbali wa kutoka Quincy mpaka huko ni mfupi kuliko tunavyopenda kufikiri: lapotea jambo moja tu, nalo ni uhuru wa mlipaji kurudi kwao jioni akiwa na senti zake chache mfukoni.

Kwa hiyo lile fungu dogo linalobaki kwa kijana, ambalo wengine huliona kuwa ni anasa isiyostahiki kwa mwizi, mimi naliona kuwa nguzo. Kijana asiyebakiwa na kitu hujifunza kuwa kazi ni adhabu. Anayebakiwa na shilingi moja katika tatu hujifunza mambo mawili kwa siku moja: kwamba alichoharibu kina bei, na kwamba mikono yake nayo ina bei. Kadhalika saa za kazi zapasa kuachia nafasi ya shule. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomzuia mtoto kusoma; sheria hiyo hiyo imekataza mtoto kufungwa gerezani. Kwa kipimo chake, mwenzangu nami tungalikuwa tumevuka kizingiti kwa unywele tu. Kubeba madebe ya mafuta kusingalikuwa kazi nyepesi. Kufagia na kupanga rafu kungalikuwa.

Na mwenye duka je? Husahauliwa huyu. Watu humtaka awe mwema bure: aibiwe, kisha amkaribishe mwizi ndani. Sina hakika kuwa mzee wetu angalikubali, na simlaumu. Nilimkuta mara moja tu kabla hajafa. Nikajitambulisha, akanikumbuka kwa jina la baba, akaniuliza habari za afya yake. Juu ya redio hakusema lolote. Fadhila moja ya mpango wa Quincy ni kwamba aliyeibiwa hakuhitaji kuwa mwajiri. Kazi ilitoka kwa mwingine ambaye hakuwa na jeraha, fedha ikapitia mahakamani, na aliyekosewa akapokea chake pasi na kuulizwa kama moyo wake umetulia.

Mwenzangu nilimwona mwaka juzi. Alikuwa mchukuzi wa bandarini kwa miaka mingi, na sasa ana mikokoteni mitatu aikodishayo huko Buguruni. Tulikaa juu ya mmoja wa mikokoteni hiyo, tukanywa kahawa, nikamsimulia habari za yule hakimu wa Marekani na saa alizowaomba wafanyabiashara. Alisikiliza kama asikilizavyo mtu mwenye kazi zake, jicho moja kwangu na jicho moja barabarani. Swali lake la kwanza sikulitazamia: "Na nauli ya kwenda kazini, ndugu yangu, ilikuwa ya nani?" Nikamwambia kwamba katika vitabu vyote nilivyosoma sikukumbuka kuliangalia hilo. Akasema kuwa ni jambo la kuangalia, kwa sababu vijana wake wa mikokoteni wengi huacha kazi kwa sababu ya nauli, si kwa sababu ya mzigo.

Ndipo nikamtolea ile hesabu yangu: shilingi 3 kwa siku, 2 za deni, 1 ya mama, siku 100. Sikuwa nimepata kumwambia mtu. Aliweka kikombe chini, akaanza kuhesabu kwa vidole: Aprili, Mei, Juni. Akasita, akauliza kama mzee alikuwa akifungua duka siku za Ijumaa. Nikasema hakuwa akifungua. Akarudi nyuma, akaziondoa Ijumaa moja moja, akaendelea mpaka Julai, akafika mwanzo wa Agosti.

"Ningemaliza kabla ya Ramadhani," akasema.

Mtu akaja kukodi mkokoteni ule tuliokuwa tumeukalia, tukainuka.